Msomi, Mbwa Wake na Kinamasi cha Ondiri

Ukitaka kuuona Mto Nairobi ungali mchanga, usiutafute chini ya daraja la Museum Hill, wala Gikomba ambako maji yake ni meusi na mpita njia hulazimika kuziba pua. Panda matatu ya nambari 105 katikati ya jiji. Itakupitisha Westlands, Kangemi, Uthiru na Kinoo, kisha itakushusha katika mji wa Kikuyu, takriban kilomita 20 kutoka ulikoanzia safari. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu tu hadi bondeni, kwenye kinamasi cha Ondiri.

Wengi wa wanaolipita bonde hili kila siku wakienda kazini hawajui kwamba hapa ndipo unapoanzia mto uliolipa jiji letu jina. Jina lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Na kweli maji ya hapa ni baridi, kwani Kikuyu iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Julai ukungu hulala bondeni hadi jua liwe limepanda, na mtu asiye na sweta hujuta.

Ondiri si ziwa, wala si malisho. Ni kitu kilicho katikati ya hivyo viwili. Nyasi, matete na mizizi iliyosukana kwa miaka mingi imetanda juu ya maji mfano wa mkeka. Ukikanyaga pembeni mwake, ardhi hutikisika chini ya miguu kama godoro kuukuu. Wazee huwakanya watoto wasithubutu kwenda katikati, na wana sababu nzuri. Chini ya mkeka huo kuna maji na tope, na ng'ombe akitumbukia, kumtoa ni kazi ya wanaume wengi na kamba nyingi.

Ni mahali hapa, msomaji, nilipofika Jumamosi moja kumwona binti mmoja ambaye wakazi wa kando ya kinamasi wamemzoea kwa mambo mawili. La kwanza ni chupa zake za kuchotea maji, ambazo hazishi mkobani. La pili ni mbwa wake mdogo, mweusi, mwenye miguu minne ya rangi ya udongo, ambaye humfuata kama kivuli.

Binti huyu ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi. Ana umri wa miaka 26 na kwao ni Taita. Hakutaka jina lake litiwe gazetini hadi atakapotetea tasnifu yake, nami nimeliheshimu ombi hilo. Jina la mbwa, hata hivyo, hakulificha. Anaitwa Matope.

Siku huanza gizani

Watu wengi wakisikia mtu anasomea shahada ya pili, humwazia akiwa amekaa kwenye kiti cha starehe, miwani puani, vitabu vimemzunguka. Maisha ya huyu binti ni tofauti kabisa. Anaishi katika chumba kimoja cha kupanga, chenye bafu na pahali padogo pa kupikia, katika ploti yenye wapangaji wanane. Karo yake inalipwa na wafadhili, lakini kodi, chakula na nauli ni juu yake. Ili kujikimu, huwafundisha watoto wa majirani hesabu na sayansi jioni, siku nne kwa wiki.

Nilimuuliza kwa nini hakupanga chumba karibu na Chiromo.

"Dada, kodi ya kule ningeilipa na nini?" akanijibu akicheka. "Halafu mto ninaousoma unaanzia hapa. Nimeufuata kwao."

Kazi yake ni kuwachunguza wadudu wanaoishi majini, kuanzia Ondiri hadi kule chini Chiromo, ambako Mto Nairobi hupita karibu na bewa lao. Mtu wa kawaida akitaka kujua kama maji ni safi hutazama rangi yake. Mtaalamu hutazama wanaoishi ndani yake. Wako wadudu ambao hawawezi kuishi pasipo hewa ya kutosha majini. Uchafu ukizidi, bakteria huila hewa hiyo katika kuuozesha, na wadudu hao hufa au hutoweka. Nafasi yao huchukuliwa na wachache wanaostahimili taka, kama vile vijinyoo vyekundu ambavyo kwa hakika ni watoto wa aina fulani ya visubi. Kwa hiyo ukiinua jiwe mtoni na kuhesabu waliojishikiza chini yake, utajua mengi kuhusu watu wanaoishi juu ya mto huo na namna wanavyotupa taka zao.

Siku yake huanza saa kumi na moja alfajiri. Zamani, asema, alikuwa akiamshwa na kengele ya simu. Siku hizi huamshwa na pua yenye ubaridi inayomgusa shavuni. Matope hutaka kutoka nje, na akitaka hataki mjadala.

Mapema zaidi mambo yalikuwa magumu kuliko hivi. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kujizuia kwa zaidi ya saa mbili au tatu, hata usiku. Binti alimchukua Matope akiwa na umri huo, naye akajikuta anaamka usiku wa manane, anavaa koti, anasimama uani na tochi akimngoja mnyama mdogo amalize haja zake. Badala ya kurudi kulala alianza kukaa mezani na kuandika. Sura ya pili ya tasnifu yake, ile inayoeleza yaliyoandikwa na wengine kabla yake, karibu yote iliandikwa kati ya saa tisa na saa kumi na moja za usiku, mbwa akiwa amelala juu ya kanyagio zake.

"Msimamizi wangu alinisifu kwa bidii," akaniambia. "Hakujua anayestahili sifa ni nani."

Baada ya chai huteremka bondeni. Hapo utawaona wengine pia: wachota maji na mitungi yao, wakulima wa sukumawiki na spinachi walio kando ya kinamasi, wanafunzi wanaokatiza njia kwenda shuleni. Kikuyu ni mji wa shule. Alliance High School ilifunguliwa hapa mwaka wa 1926, na ile ya wasichana ikafuata mwaka wa 1948. Kwa hiyo mtu anayetembea na daftari si ajabu hapa. Ajabu ni mtu anayetembea na daftari huku mbwa amemshikia kofia kinywani.

Siku tatu kwa wiki huenda Chiromo kwenye maabara. Hushuka Westlands na kumalizia kwa miguu, chupa zake zikiwa zimefungwa vizuri mkobani. Siku zilizobaki hukaa chumbani mbele ya kompyuta, na hapo ndipo Matope hufanya kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Kila baada ya saa moja hivi huja kuweka kichwa gotini mwa mwenyewe. Maana yake ni kwamba imetosha, tutoke. Binti anasema kwamba kabla ya kuwa na mbwa aliweza kupitisha siku nzima bila kuzungumza na kiumbe chochote. Wanafunzi wa uzamili hawana darasa la kila siku wala wenzao wa chumbani. Upweke wao haujulikani sana, na wengi huacha masomo si kwa sababu yamewashinda akilini, bali kwa sababu wamechoka kuwa peke yao nayo.

Jina halikuja bure

Matope si mbwa wa kizungu. Mama yake ni mbwa wa kawaida wa kulinda boma, mali ya mkulima mmoja wa kando ya kinamasi. Alizaa watoto sita. Watano walichukuliwa upesi kwa sababu walikuwa madume, na watu wengi huamini kwamba dume ndiye mlinzi. Wa sita alikuwa jike, na hakuna aliyemtaka. Mkulima alisema wazi kwamba asipopata mtu atamtupa sokoni. Binti alimwomba amwache na mama yake hadi atimize wiki nane, kwani mtoto wa mbwa akitenganishwa na mamaye kabla ya hapo hukosa maziwa na pia hukosa adabu. Ni katika kucheza na ndugu zake ndipo hujifunza kwamba kuuma kunaumiza.

Jina la kwanza alilopewa lilikuwa lingine, la kupendeza zaidi. Lilidumu siku tisa. Asubuhi ya kumi, kamba ilimponyoka binti mkononi, kijibwa akamwona chura, akamfuata hadi kwenye ule mkeka wa nyasi. Palikuwa na tundu. Mara hakuonekana tena isipokuwa kichwa.

Binti alifanya jambo la busara. Hakukimbia, maana uzito wote ukiwa juu ya miguu miwili mkeka hupasuka. Alilala kifudifudi akatambaa, huku mkulima mmoja wa sukumawiki akimsukumia ubao kutoka nyuma. Alimvuta mbwa kwa ngozi ya shingo. Wote wawili walitoka wakiwa rangi moja, na watoto waliokuwa njiani kwenda shule wakapiga kelele, "Matope! Matope!" Tangu siku hiyo akiitwa jina la kwanza hageuki.

Tangu siku hiyo pia kamba haitoki mkononi, na si kwa sababu ya tope pekee. Ondiri ni makao ya ndege wengi, akiwemo korongo taji, yule mwenye nywele za dhahabu kichwani ambaye Waganda wamemweka kwenye bendera yao. Mwaka wa 2012 ndege huyu aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hujenga kiota chake chini, ndani ya majani ya kinamasi, na makinda yake hutembea kabla ya kuweza kuruka. Mbwa mmoja asiyefungwa anaweza kumaliza kizazi kizima cha mwaka huo kwa dakika chache, tena kwa mchezo tu. Binti anayeusomea uhai wa kinamasi hawezi kukubali mbwa wake awe ndiye anayeuangamiza.

Na maadui wa Ondiri tayari ni wengi. Mikaratusi iliyopandwa kandokando hunywa maji bila kushiba, ingawa mingi imekatwa kutokana na juhudi za wakazi. Mashine za kuvuta maji ya kunyunyizia mashamba, maji machafu kutoka majumbani, na majengo yanayozidi kusogea bondeni, yote yanakibana kinamasi hiki. Wakazi wameungana kukilinda, wamepanda miti ya kienyeji, na wanafunzi wa shule huletwa kujifunza. Kazi ya binti yetu ni sehemu ndogo ya juhudi hizo. Ikiwa mtu atasema maji yameharibika, lazima awepo mwingine aliyeandika yalikuwaje.

Siku tano za wasiwasi

Akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, Matope aliamka asubuhi moja akakataa chakula. Kwa mbwa ambaye hula ugali na omena kana kwamba kesho haipo, hiyo ilikuwa habari. Kufikia saa sita alikuwa ametapika mara nne. Jioni alianza kuharisha damu.

Binti alimtia ndani ya kiondo, akamfunika kwa leso, akapanda matatu. Makanga alipoona kichwa kikichungulia alitaka alipe nauli ya watu wawili. Akalipa. Alishuka Uthiru, akachukua bodaboda hadi kliniki ya wanyama wadogo iliyoko bewa la Kabete, ambako madaktari wa mifugo wa nchi hii hufunzwa.

Ugonjwa ulikuwa ule unaoitwa parvo. Msomaji unayefuga mbwa, usilipuuze jina hili. Ni virusi ambavyo havikujulikana kwa mbwa hadi miaka ya sabini, na mwaka wa 1978 vilienea duniani kote. Hushambulia utumbo, na mtoto wa mbwa anaweza kufa katika siku mbili tatu kwa kuishiwa na maji mwilini. Hakuna dawa ya kuviua virusi vyenyewe. Kinachofanyika ni kumtia mgonjwa maji kwa mshipa, kumpa dawa za kuzuia bakteria wasiingilie, na kungoja mwili wake ushinde au ushindwe.

Kinga ipo, nayo ni chanjo. Lakini chanjo moja haitoshi. Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi atimize kama wiki kumi na sita. Matope alikuwa amepata ya kwanza peke yake. Ya pili ilikuwa imeahirishwa kwa sababu mwezi huo pesa za kodi na pesa za kununulia chupa za maabara zilikuwa zimegongana. Na wakati huohuo alikuwa akitembezwa mjini, penye mbwa wengine. Virusi hivi hukaa udongoni kwa miezi mingi, hata mwaka, vikingoja pua ya kuvinusa.

Daktari alimweleza gharama, kisha akanyamaza ili afikiri. Binti aliniambia kwamba kilichomjia kichwani ni sauti ya mama yake. Siku chache kabla, alipomweleza kwenye simu kuhusu mbwa, mama alikuwa amemuuliza, "Mwanangu, nilikutuma kusoma au kulea mbwa?"

Alilipa. Alitumia akiba aliyokuwa ameiweka ya kuchapisha na kujalidi tasnifu. Kwa siku tano alikwenda Kabete asubuhi na jioni, na siku ya tatu aliambiwa ajiandae kwa lolote. Siku ya nne Matope aliinua kichwa aliposikia sauti yake. Siku ya tano alilamba uji wa mchele.

Huenda wako wasomaji watakaosema kwamba fedha hizo zingemfaa binadamu mwenye shida. Nilimwambia hivyo binti. Hakukasirika. Alisema kwamba alipomchukua yule mnyama kutoka kwa mamaye, hakuna aliyemlazimisha. Mtoto wa mbwa hakuomba kuja mjini. Anayemfungia kiumbe mlango asiweze kujitafutia, ndiye anayebeba deni la chakula chake na dawa yake.

Alipomrudisha nyumbani, aliosha sakafu yote kwa klorini, akachoma matandiko, na kwenda kumwambia mkulima mwenye mama yake Matope awachanje mbwa wake. Mkulima alimsikiliza, ingawa alichukua wiki mbili kukubali.

Mama mwenye nyumba

Hatari ya pili haikutoka kwa virusi. Ilitoka ghorofani.

Wapangaji wawili walikuwa wamelalamika kwamba siku ambazo binti huenda Chiromo, mbwa hubweka kutwa nzima. Mmoja alifanya kazi ya usiku na hakupata usingizi. Mwingine alikuwa na mtoto mdogo aliyeogopa. Mama mwenye nyumba alimwita binti. Akamwambia kwamba anampenda kama mwanawe, kwamba hajawahi kuchelewesha kodi, lakini mwisho wa mwezi ama mbwa aondoke au waondoke wote.

"Mimi sina ubaya na mbwa, mama," binti akamjibu. "Nipe mwezi mmoja. Ukipita na bado analalamikiwa, nitahama."

Hoja ya mtoto ilikuwa nzito, na binti aliichukulia hivyo. Kichaa cha mbwa si hadithi ya kutishia watoto. Kisa cha kwanza nchini kilithibitishwa mwaka wa 1912, kwa mbwa wa pembezoni mwa Nairobi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye bado tunacho. Duniani kote hukadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wakiwemo watoto wengi. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu hauna tiba. Lakini unazuilika kabisa. Kenya iliweka mpango mwaka wa 2014 wa kukomesha vifo vyake ifikapo mwaka wa 2030, na msingi wa mpango huo ni kuchanja mbwa kila mwaka.

Basi binti alifanya mambo matatu. Kwanza, Matope alipotimiza miezi mitatu na kupata nafuu, alimpeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa, akachukua kadi, akamwonyesha kila mpangaji. Pili, aliwaita watoto wa ploti, wale wale anaowafundisha hesabu, akawapa somo lingine. Usimkaribie mbwa anapokula wala anapolala. Usimkimbie, simama kama mti. Mbwa yeyote akikuuma, hata kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, mwambie mtu mzima, na uende hospitali siku hiyohiyo. Yule mtoto aliyekuwa akiogopa sasa ndiye anayewasimamia wenzake.

La tatu lilikuwa kelele. Mbwa habweki kutwa kwa ukaidi. Hubweka kwa sababu ameachwa. Kando ya kinamasi kuna kitalu cha miti ya kienyeji, na mzee mmoja anayefanya kazi hapo alikubali kukaa na Matope siku tatu za Chiromo. Malipo yake si pesa. Binti humwandikia hesabu zake za miche na kumsomea barua zinazotoka kwa wateja na ofisi, kwani macho ya mzee yamefifia. Matope hulala kivulini na kuwafukuza kuku wanaochakura miche. Mzee anasema hajapata mfanyakazi mwaminifu kama huyo asiyeomba likizo.

Mwezi ulipita. Mama mwenye nyumba hakusema lolote, na katika ploti za kupanga kunyamaza ni ruhusa. Siku niliyokwenda nilimwona akishuka ngazi na bakuli la mifupa. Binti alimshukuru kwa heshima, akaichambua, akatoa ile ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika vipande vyenye ncha na huweza kutoboa utumbo. Mama alimtazama akatikisa kichwa. "Hata mifupa ina kozi chuoni," akasema.

Miaka miwili, miaka kumi

Jambo ambalo lilinileta Ondiri, hata hivyo, halikuwa kuona jinsi binti anavyompenda mbwa wake. Kupenda kitoto cha mbwa ni rahisi; kina macho ya kuombea. Nilitaka kujua atafanya nini akimaliza.

Kila mwaka wanafunzi huhama vyumba vya kupanga kandokando ya vyuo vyetu vikuu, kutoka Kikuyu hadi Juja, kutoka Njoro hadi Maseno. Hubeba magodoro, majiko ya gesi na vitabu. Mbwa na paka waliowafuga kwa kujiliwaza hubaki getini. Siku mbili za kwanza hungoja. Baadaye huanza kuzunguka majaani, na mwaka ukipita huwa ndio wale mbwa koko tunaowalalamikia, wasiochanjwa, wanaozaa mitaroni. Chama cha kuwatunza wanyama, KSPCA, kilichoko Karen, hupokea wanyama wasio na wenyewe na kuwatafutia makao, lakini nyumba moja haiwezi kubeba uzembe wa mji mzima.

Hesabu yenyewe si ngumu. Shahada ya uzamili huchukua miaka miwili, au mitatu mambo yakikwama. Mbwa akitunzwa vizuri huishi miaka kumi na zaidi. Anayemchukua mtoto wa mbwa katika mwaka wa kwanza wa masomo anaahidi miaka minane ambayo hajui ataiishi wapi.

Binti hakujifanya kuwa na jibu kamili. Ameomba kazi sehemu mbili, moja Kisumu na nyingine Naivasha, penye maji ya kuchunguza. Kila barua aliyoandika, anasema, aliiandika akijiuliza kama huko atapata chumba chenye ua. Mzee wa kitalu amesema yuko tayari kubaki na Matope, lakini mzee ana miaka zaidi ya sabini. Mama yake kule Taita, yule aliyeuliza kama alitumwa kulea mbwa, sasa ameanza kuulizia hali ya mgonjwa kabla ya kuulizia hali ya masomo. Wiki iliyotangulia ziara yangu alisema kama kwamba ni jambo dogo kuwa nyani wamemaliza mahindi yote ya juu, na kwamba shamba lisilo na mbwa ni shamba la nyani.

"Sijaamua," binti akaniambia. "Ila nimeshaamua moja. Sitahama kabla ya kujua anakokwenda. Nikikosa mahali pake, nitakosa na mimi."

Kwa hiyo wewe kijana unayesoma ukurasa huu chumbani mwako chuoni, na rafiki yako amekuahidi kijibwa wiki ijayo, jiulize kwanza. Je, mwenye nyumba amekubali kwa kinywa chake, au unatumaini hataona? Je, unazo fedha za chanjo zote, wala si ya kwanza peke yake? Je, siku ukipata kazi mbali, yuko mtu ambaye amekwisha kukubali kumchukua, wala si ambaye unadhani atakubali? Ukiwa na jibu la yote matatu, mchukue, naye atakulipa kwa yale ambayo maktaba haina.

Nanyi wazazi wa mjini mnaotafuta pa kuwapeleka watoto Jumapili bila gharama kubwa, Ondiri iko karibu kuliko mnavyodhani. Nendeni asubuhi, kabla jua halijawa kali, na viatu vya kustahimili maji. Msikanyage katikati, msitupe karatasi, na kama mna mbwa mfungeni kamba kwa ajili ya korongo. Waonyesheni watoto yale maji yanayotoka kimyakimya chini ya majani, kisha mkirudi jijini simameni Museum Hill mwatazameshe tena mto uleule. Watauliza wenyewe nini kimeupata njiani, na safari nzima ya kutoka Ondiri hadi hapo haifiki saa moja barabara ikiwa wazi.